Neno "get" limenifunga mdomo kikaoni

Mwalimu, shikamoo.

Nimeisoma safu yako kwa muda mrefu bila kuandika. Leo naandika kwa sababu neno moja la Kiingereza, lenye herufi tatu tu, limeninyima raha. Neno lenyewe ni "get".

Nafanya kazi na watu ambao lugha pekee inayotuunganisha ni Kiingereza. Shuleni nilikisoma miaka yote na mitihani nilifaulu. Ripoti naandika, barua pepe naandika. Lakini wiki mbili zilizopita tulikuwa kwenye kikao cha mtandaoni, kiongozi wetu akaeleza mpango mpya wa kazi, kisha akanigeukia: "Did you get that?" Mimi ninavyojua, "get" ni kupata. Nikafungua barua pepe haraka haraka, nikaona hakuna kilichoingia, nikajibu, "No, I didn't get anything." Akashusha pumzi, akaanza kuueleza mpango wote upya, polepole, kituo kwa kituo, kama anayemfundisha mtoto. Wenzangu wote wanasikiliza. Na mimi nilikuwa nimeelewa tangu mara ya kwanza! Nilipotambua kwamba alikuwa akiniuliza kama nimeelewa, kikao kilikuwa kimeshakwisha.

Siku chache baadaye nikamwandikia ujumbe: "I got to finish the report today." Nilikusudia kumwambia kwamba leo ni lazima niimalize ripoti. Akanijibu nimtumie. Alidhani nimeshaimaliza. Usiku huo sikulala.

Tangu hapo nimefungua daftari. Nimeandika maana 37 za "get" kutoka kwenye kamusi, na kila nikitaka kusema neno nazipitia kichwani. Nikifika ya kumi, mazungumzo yameshahamia kwingine. Mwenzangu mmoja amenishauri niliache kabisa, nitumie "receive", "obtain" na "become", na kweli hata mwalimu wetu wa shule alikuwa akisema "get" ni neno la wavivu. Nimejaribu. Mtu akaniuliza mbona naongea kama hati ya mahakama.

Naomba unisaidie. Nikariri maana zipi kwanza? Au niliache neno hili? Na yule kiongozi, nimwambie ukweli au yameshapita?

Niliyeganda Kikaoni

*

Marahaba, mwanangu.

Kwanza nikutoe hofu kuhusu akili yako. Mtu aliyesikia "Did you get that?" akakimbilia kutazama barua pepe hakukosa akili. Alifuata kile alichofundishwa, kwamba "get" ni kupata. Wengi wetu tulifundishwa hivyo, na hapo ndipo shida yako ilipoanzia.

Lifunge daftari. Nasema hivi kwa moyo mzuri, najua umelitolea jasho. Lakini hakuna anayezungumza Kiingereza aliyekariri maana za "get". Waliotunga kamusi kubwa ya Oxford, katika toleo lake la pili la mwaka 1989, waliliorodheshea neno "set" maana 430 kwa upande wa kitenzi peke yake. Unadhani mtoto wa Kiingereza hukalishwa chini akafundishwa hizo 430? Analisikia neno likiwa na wenzake, na wenzake ndio wanaompa maana.

Na wewe umefanya hivyo hivyo katika lugha yako bila kujua. Chukua "piga". Leo umepiga simu, umepiga mswaki, pengine umepiga pasi. Kuna aliyepiga hodi mlangoni, kuna aliyepiga picha, kuna aliyepiga magoti, kuna aliyepiga kura, kuna aliyepiga mbizi. Katika hayo yote nani ameumia? Mgeni anayejifunza Kiswahili akikuuliza "piga" maana yake nini, utamjibu "kuchapa", halafu akisikia "nimempiga picha mama" atashtuka. Wewe hushtuki, kwa sababu hulisikii "piga" likiwa peke yake. Unalisikia "piga picha" kama kitu kimoja. Sikio lako la Kiswahili lina ustadi huo tayari. Kazi iliyobaki ni kuupeleka kwenye "get".

Sasa sikiliza neno hili linafanya nini. Waingereza walilipokea kutoka kwa Waskandinavia waliohamia na kukaa kwao zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kwa wale wageni lilikuwa "geta", na maana yake ilikuwa kupata kweli. Lakini limetembea. Leo mara nyingi "get" linaonyesha kuvuka tu: mtu hakuwa nacho, sasa anacho; hakuwa pale, sasa yupo; hakuwa hivyo, sasa yuko hivyo; hakuelewa, sasa ameelewa. Umevuka kwenda wapi? Hilo linaelezwa na neno linalofuata. Kwa hiyo ukisikia "get", usisimame hapo. Tega sikio kwa kinachokuja nyuma yake.

Kikifuata kitu, kama barua, kazi, mafua au jibu, hapo ndipo "kupata" yako inapofaa: "I got a letter", nimepata barua. Wala usihangaike. Likifuata jina la mahali au neno kama "home" na "there", ni kufika: "What time did you get home?" Ulifika nyumbani saa ngapi? Hapo usiongeze "to" mbele ya "home" wala "there", ingawa mahali pengine panaitaka: "get to the office", "get to the airport". Nayapita haya haraka kwa sababu sidhani ndiyo yanayokusumbua.

Panapohitaji utulie ni pale "get" linapofuatwa na neno la hali: "tired", "angry", "old", "dark", "married". Kiswahili kimetupa zawadi hapa. Lugha yetu ina vitenzi vingi vya kugeuka hali ambavyo Kiingereza cha mazungumzo mara nyingi hakivisemi kwa neno moja: choka, kasirika, zeeka, konda, nenepa, lewa, zoea, potea. Mwingereza anapotaka kusema "zeeka" mara nyingi anaazima "get" na kulibandika kwenye "old". Basi "get old" ni "zeeka", neno zima. "Get angry" ni "kasirika". "Get lost" ni "potea". "Get used to" ni "zoea". Usitafute "kupata" mle ndani, haimo.

Sasa tazama kosa ambalo nalisikia kila siku, hata kwa watu waliobobea. Kiswahili kinasema "nimechoka", na kwa sababu "-me-" ni ya jambo lililokwisha kutendeka, msemaji anaona lazima aweke kitendo kwa Kiingereza: "I have got tired". Lakini "nimechoka" tunayoisema kila siku inaeleza hali ya sasa: nimeshavuka, niko ng'ambo. Kwa Kiingereza ng'ambo hiyo ni "I am tired", bila "get". Ukisema "ninachoka", yaani bado unavuka, hapo ndipo "get" linaingia: "I am getting tired". Na ukisema "nilichoka saa nane", tukio la kuvuka, ni "I got tired at two".

Jaribu na "olewa". Ameolewa: "She is married." Anaolewa mwezi ujao: "She is getting married next month." Aliolewa mwaka 2019: "She got married in 2019." Nimewahi kumsikia mtu akisema "She is getting married for ten years", na wenzake wakabaki wanajiuliza harusi gani hiyo ya miaka kumi. Alikusudia "ameolewa kwa miaka kumi". Kiswahili chake kilikuwa sahihi kabisa, "-me-" ilikuwa imembebea hali nzima, ila alipovuka lugha akaweka "get" mahali pasipo pake. Angesema "She has been married for ten years". Ukilishika hili peke yake, wakati unatumia "get" na wakati unatumia "be", utakuwa umepunguza nusu ya mzigo wako.

Wakati mwingine linafuata neno la kutendwa. Kwetu kazi hiyo inafanywa na kiungo "-w-" ndani ya kitenzi: lipa, lipwa. "I get paid on Friday", ninalipwa Ijumaa. "He got fired", alifukuzwa kazi. "We got caught in the rain", mvua ilitukuta njiani. Utauliza, si ningesema "He was fired"? Ungesema, na ni sahihi. "Got" linasikika zaidi katika mazungumzo, na linaweka uzito kwenye tukio, kwamba jambo lilimkuta mtu, mara nyingi bila kulitarajia. Ndiyo maana haliendi na mambo yasiyo tukio. Huwezi kusema "The answer got known by everybody". Kujulikana si ajali iliyotokea saa tatu, ni hali. Hapo sema "was known".

Hii inayofuata naipenda kuliko zote, na ni watu wachache wanaoionyesha. Umepeleka simu kwa fundi ikatengenezwa. Kiswahili cha mazungumzo kinakuruhusu kusema "nimetengeneza simu yangu", na hakuna atakayedhani wewe ndiye uliyeshika bisibisi. Ukiihamishia Kiingereza ikawa "I fixed my phone", umejitangaza kuwa fundi. Kiingereza kinataka "I got my phone fixed". Je, Kiswahili hakina namna ya kusema hivyo kwa usahihi? Kinayo, na ni nzuri mno: nimetengenezewa simu. Nimeshonewa nguo. Nimepakiwa rangi nyumba. Kauli ya kutendewa uliyoisoma darasani ndiyo hiyo. Kwa hiyo kila unapoona Kiswahili kingekubali "-ewa" au "-iwa" kwa kazi uliyofanyiwa na mtu mwingine, Kiingereza kinataka "get", kisha kitu, kisha kitenzi cha kutendwa. Mpangilio huo usiuvuruge: "I got my phone fixed", si "I got fixed my phone".

Mtu akiingia katikati badala ya kitu, na baada yake ikaja "to", maana ni kumfanya au kumshawishi atende. "I got him to sign", nilimshawishi akasaini. Kuna jasho kidogo ndani yake, huenda alisitasita. Linganisha na "I made him sign", nililazimisha, na hapo "to" haipo. Wengi wanasema "I got him sign" kwa kufuata mfano wa "made". Iweke ile "to", bila hiyo sentensi inachechemea.

Sasa tuje kwenye ujumbe wako uliokukosesha usingizi. "I got to finish the report today" ni sentensi yenye nyuso mbili, na aliyeisoma aliona uso ambao wewe hukuukusudia. "Get to" ikifuatwa na kitenzi ina maana ya kupata nafasi. Kiswahili nacho kinasema hivyo hivyo: "nilipata kumwona", yaani nilibahatika kumwona, "I got to see him". Kwa hiyo yeye alisoma "leo nilipata kuimaliza ripoti". Ulichokusudia ni "I've got to finish", ni lazima nimalize. Tofauti yote imebebwa na "have" ile iliyofupishwa. Katika mazungumzo wenyewe huimeza hadi haisikiki, na ndiyo maana ulidhani haipo. Lakini mdomo una sauti na uso wa kusaidia, maandishi hayana. Kwenye maandishi andika "I have to finish the report today". Hakuna atakayekosea kuielewa hiyo.

Vilevile "I've got" peke yake mara nyingi ni "nina", si "nimepata". "I've got two brothers", nina kaka wawili. Wamarekani wamejitengenezea njia ya kutenganisha: kwao "I've got" ni nina, na "I've gotten" ni nimepata au nimekuwa. Waingereza wa leo wengi hawatumii "gotten", ingawa lilikuwa la kwao zamani na bado limebaki ndani ya "forgotten". Wewe fuata watu unaofanya nao kazi.

Tumalizie na lile la kikaoni. "Get" likifuatwa na maneno, wazo, au "it", "that", "you" huku mtu akiwa ametoka kueleza jambo, ni kuelewa. "I get it." "I don't get you." "Don't get me wrong", usinielewe vibaya. Utajuaje kwamba si kupokea? Tazama kilichotangulia. Kama mtu ametoka kutuma kitu, "Did you get it?" ni kuuliza kama kimefika. Kama ametoka kusema, ni kuuliza kama kimeingia. Kiongozi wako alikuwa ametoka kusema. Na ukibaki na mashaka, rudisha swali bila aibu: "Do you mean the file or the plan?" Watu waliozaliwa na lugha hiyo huulizana hivyo kila siku.

Nimeacha kwa makusudi misururu kama "get over", "get by", "get up", "get away with". Hiyo ni misamiati inayojitegemea, kila mmoja jifunze siku utakayokutana nao, ndani ya sentensi. Nikuachie mmoja tu: "get along", kuelewana, kukaa pamoja bila ugomvi. Kiswahili tunaitaje? Patana. Ni "pata" yenye kauli ya kutendana. Lugha mbili zisizo na undugu wowote zimepita njia moja kutoka kwenye kupata hadi kwenye kupatana! Kila nikikutana na jambo la namna hii najisikia furaha.

Kuhusu mwalimu wako wa shule: alikuwa na sababu, ila aliivuta mno. Katika barua rasmi, ripoti na maombi ya kazi, "receive", "obtain", "become" na "arrive" vinapendeza zaidi kwa sababu vinasema jambo moja waziwazi. Katika mazungumzo, "get" ndilo neno la watu wote, wasomi na wasio wasomi. Anayesema "I obtained a cold" hajaonyesha usomi, amejitenga tu na anaoongea nao. Kwa hiyo usiliache. Liache tu kwenye karatasi pale linapoweza kusomwa kwa nyuso mbili.

Badala ya daftari la maana 37, fanya hivi kwa wiki tatu. Kila jioni kumbuka sentensi tano za Kiswahili ulizozisema kweli siku hiyo, za kawaida kabisa: nilichelewa kufika, nimezoea kelele, nimeshonewa nguo, nilimshawishi dada aje, wamepatana. Zigeuze ziwe na "get" inapofaa, na uzisome kwa sauti. Sauti ni muhimu. Shida yako si ya kutojua, mwanangu, ni ya kuchelewa, na mdomo huzoea kwa kutamka. Utaona pia kwamba baadhi hazitaki "get" kabisa, na kuzitambua hizo ni sehemu ya zoezi.

Umeuliza kama umwambie kiongozi wako. Mwambie. Si kwa kuomba msamaha, maana hukumkosea, bali kwa sababu sasa anaamini huelewi haraka, na atakugawia kazi kwa imani hiyo. Usimwandikie maelezo marefu. Kabla ya kikao kijacho, mkiwa wawili, mwambie: "When you asked if I got that, I thought you meant an email. I got the plan the first time." Kisha muulize swali moja la maana kuhusu ule mpango, lile ulilokuwa nalo siku ile ukashindwa kuuliza kwa sababu alikuwa akieleza upya yale uliyokwisha kuyaelewa.